Nilivyompeleka Bwana Lin Nizwa Kufanya Mtihani wa Kiingereza

Tangu nimerudi Sur, kila nikipita sokoni ni suali moja tu: Nassor, Mchina wako umemwacha wapi? Nimechoka kusimulia robo robo. Kila mtu anaondoka na kipande chake, anakwenda kukitia chumvi, na jana nimesikia ati tuligombana kwa ajili ya kazi. Hatukugombana. Ningependa khasa tungegombana. Naandika yote mara moja, someni, halafu mniache.

Sur

Kwa asiyemjua, Bwana Lin ni fundi wa kampuni ya kuchimba visima vya maji ninayofanya kazi na mie. Ana arubaini na tano hivi, mwembamba, nywele zimesimama kama brashi. Kiswahili alikipata Tanzania, alikaa miaka mitano akijenga reli. Siku aliyofika kambini akatusikia sisi watu wa Unguja tunabishana juu ya ndimu, alikuja mbio, kofia mkononi, kama mtu aliyewaona jamaa zake. Akatuamkia shikamoo sote, mpaka mimi, na ningeweza kuwa mwanawe.

Mie Kiingereza sikufundishwa na mtu. Nimekiokota kwenye redio, na redio gani inayosema mambo ya jikoni? Ni habari za siasa tu. Basi aliponiomba nimfundishe, nilimfundisha nilichonacho. Kila siku saa moja ya jioni tunafungua idhaa ya ng'ambo. Mie naandika neno la Kiingereza kwenye daftari, pembeni naweka Kiswahili chake, na yeye safu ya tatu anaweka Kichina chake, vile vijumba vijumba. Mwaka na nusu tumefanya hivyo. Akawa anajua kusema mazungumzo yamevunjika, msemaji wa serikali amekanusha, wanajeshi wametwaa uwanja wa ndege. Kijiko hajui kinaitwaje. Tena akaniita Mwalimu mbele za watu, na aliyecheka tulionana naye nje.

Haya, mtihani. Kampuni ilitaka mkalimani mmoja wa kukaa baina ya Wachina na wahandisi wa Kizungu. Fundi wa kawaida anakwenda kwao baada ya miaka mitatu, mkalimani anakwenda kila mwaka. Mama yake Bwana Lin yuko kijijini, mzee, na hana mtoto mwingine. Ile ndiyo ilikuwa sababu ya kila neno kwenye lile daftari. Alishamwandikia, na mama akatafuta mtu wa kumsomea barua, kwamba akifaulu atakuwa anakuja kila mwaka mpya wao.

Asubuhi ya Jumamosi tunaondoka kwenda Nizwa kwenye mtihani, gari inanguruma, karani akanikimbilia na karatasi iliyotoka ofisi ya Maskati. Telegramu, kwa Kiingereza. Akanipa mie kwa vile pale kambini barua zote za Kiingereza nasoma mie. Ilisema mama yake Lin amefariki Alhamisi, mwarifuni.

Bwana Lin alikuwa keshakaa garini, daftari mapajani. Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni.

Msinikodolee macho. Nyote mnajua. Bibi yangu alipokufa, baba alikuwa njiani anatoka Bahla, na kila aliyekutana naye alimwambia bibi mgonjwa kidogo, mpaka akafika mlangoni akaona viatu vya watu. Ndivyo tunavyofanya. Msafiri hapewi msiba njiani, hana pa kukaa, hana wa kumshika mkono. Na kwa hesabu zangu aliyekufa Alhamisi kazikwa Alhamisi, kabla ya magharibi. Nikasema, hakuna kitakachopotea. Afanye mtihani wake, tukifika Nizwa akishamaliza, nitamweka chini nimwambie.

Wadi, kabla ya Al Kamil

Dereva wetu alikuwa Khalfan, mnamjua, yule aliyezaliwa Bujumbura, anayesema Kiswahili cha huko bara na kuona chetu cha kudeka. Nilichukua papa mkavu wa kumpelekea shangazi yangu Ibra, nimemfunga kwenye gazeti, na kabla hatujatoka mjini Khalfan alishaanza.

"Nassor, huyo papa wako ananuka mpaka Bujumbura."

Mie nilikuwa nimekaa kimya, na mie kukaa kimya ni habari. Nikamwona Bwana Lin ananitazama. Nikaogopa. Basi nikatoa sauti ya mtangazaji, kwa Kiingereza kile chetu: msemaji wa papa amekanusha madai ya harufu, amesema ni uzushi wa maadui. Bwana Lin alicheka mpaka akaegemea mlango. Akajibu, kwa Kiingereza na yeye, kwamba serikali ya dereva haitambui papa huyo. Alipata sentensi nzima, hakukosea hata neno. Khalfan hakufahamu kitu lakini alicheka kwa kuwaona wengine wanacheka.

Maji tuliyakuta kabla ya Al Kamil. Mvua ilinyesha milimani, wadi, lile korongo linalokaa kavu mwaka mzima, limeshuka, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanaburuta miti mizima. Gari zimejipanga huku, nyingine kule ng'ambo. Tukangoja. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Mbedui mmoja mwenye lori la maji alitandika mkeka akatupa tende na kahawa, mtu mzuri, Mungu amweke. Lakini rafiki yake alipomsikia Bwana Lin anasoma daftari kwa sauti, akasema kwa Kiarabu, bila kushusha sauti, huyu Mchina kameza redio, mpeni betri. Nikasimama. Khalfan alinishika kanzu kwa nyuma, na ile kanzu imepasuka mpaka leo. Bwana Lin aliniuliza yule mtu kasema nini. Nikamwambia kasema unasoma vizuri.

Saa moja tukafungua redio, juu ya boneti. Siku ile habari zilikuwa mbaya, mji fulani umepigwa mabomu, waliokufa kadha wa kadha. Bwana Lin akaandika. Halafu akaweka kalamu.

"Mwalimu, redio inasema wamekufa kumi, wamekufa arubaini. Akifa mtu mmoja, wanasemaje?"

Nikamwambia, mtu mmoja lazima awe rais ndiyo asemwe. Akaitikia kwa kichwa kama mtu niliyemfundisha jambo. Nikaenda kutazama maji.

Ibra

Tulivuka Jumapili asubuhi, na adhuhuri tuko Ibra, nyumbani kwa shangazi yangu Bi Zuwena. Yeye katoka Unguja mtu mzima, na Kiswahili chake hakijaguswa na kitu. Bwana Lin alivua viatu, akainama, "Shikamoo, mama." Shangazi akabaki na mkono mdomoni.

"Marahaba, baba. Huyu mtoto wa nani?"

Akaita majirani waje wasikie. Wakaja bibi wanne, wakamkalia mbele, wakamwambia sema hiki, sema kile. Mmoja akashikilia kwamba kuna daktari wa Kichina alimtibu jicho Unguja, na huyu lazima ni nduguye, wanafanana. Bwana Lin akasema China kuna watu wengi. Bibi akamwambia, ndiyo, lakini ndugu ni ndugu. Hapo Bwana Lin alicheka tena.

Walipika pilau ya mbuzi. Shangazi anamchagulia vipande, anamwekea mbele, kula baba, umekonda, mama yako akikuona atatulaumu. Na yeye anakula. Anasema mama yangu pia anasema hivyo, anasema kula, anasema umekonda, hata nikinenepa. Mie tonge langu nikalirudisha kwenye sinia.

Shangazi ana macho. Aliniita ukumbini, nikamwonyesha telegramu, nikamsomea. Akakaa juu ya gunia la mchele.

"Kishaambiwa?"

"Bado."

"Basi usimwambie. Mtu anaambiwa msiba akishafika, akakaa chini, ana watu. Utamwambia kwenye gari, alie na nani? Na dereva?"

Nikamwambia nahisi kama namwibia. Akasema humwibii, unambebea. Halafu akarudi ndani akamwongeza nyama, na akampa halwa ya kuchukua njiani, na alipomuaga alimshika mikono yote miwili, muda mrefu, macho yamemjaa machozi. Bwana Lin garini akaniambia shangazi yako ana moyo mwema, analia kwa mgeni wa siku moja.

Izki

Jumatatu tukazunguka Bidbid, tukapanda bonde la Samail, na karibu ya Izki tairi likapasuka. La akiba halina upepo. Khalfan akalibeba akaomba gari mpaka mjini, akatuacha mie na Bwana Lin kwenye ukingo wa falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, chini ya mitende ya watu. Mwenye shamba akatuona, akatuletea maziwa ya mgando na mkate, hakuuliza jina.

Muda wa saa tatu tulikaa pale. Kama kuna mahala pa kusema, ndipo pale. Hakuna mtu, kuna kivuli, kuna maji. Nilitia mkono mfukoni mara mbili. Mara ya kwanza akaniomba nimsikilize mtihani. Nikawa namtajia Kiswahili yeye anajibu Kiingereza: mkutano wa kilele, uchaguzi, wakimbizi, kusimamisha vita. Hakukosea. Mara ya pili akaanza yeye mwenyewe habari za mama yake. Hajui kusoma, akasema, lakini barua zangu anaziweka chini ya mto, anamjua postamani kwa mlio wa baiskeli. Mwaka wa mwisho alipomwona alikuwa bado anachota maji mwenyewe. Akasema, nikienda mwaka huu, nitamtilia bomba. Mimi nachimba visima vya watu wote, mama yangu anachota na ndoo.

Niambieni, nani angefungua mdomo hapo? Nikatoa mkono mfukoni, nikamkatia halwa ya shangazi. Tukala sote wawili. Nikamsimulia kisa cha Khalfan na punda wa Manah, nikakitia na mambo yasiyokuwemo, ili asiendelee na habari za bomba. Alicheka mpaka machozi, akajipangusa na mgongo wa mkono.

Nizwa, Jumanne

Mkubwa wa kampuni pale Nizwa ni Mzungu mmoja mrefu, mwenye miwani, mtu wa haki kwa nilivyomwona. Alimpa Bwana Lin gazeti, akamwambia soma habari yoyote halafu nielezee. Mie niliruhusiwa kukaa mlangoni. Bwana Lin akasoma habari za waziri aliyejiuzulu. Sauti imesimama, vituo mahala pake, kama yule mtangazaji wa saa moja. Mzungu akavua miwani. Akamuuliza mawili matatu, akampa mkono, akasema kazi ni yako, mkataba tutaandika wiki hii. Halafu akaondoka, ana kisima kimeporomoka huko Manah, hatorudi mpaka kesho.

Bwana Lin alitoka nje, akanishika mabega.

Tulikuwa tumepewa chumba nyuma ya ofisi. Nikamtandikia mkeka, nikamwita Khalfan akae na sisi, nikamletea maji. Nilifanya kama kwetu. Nikamwambia, Bwana Lin, kaa chini. Nikampa telegramu.

Alisoma peke yake. Hakuhitaji mie. Akasoma tena.

"Hii imekuja lini?"

"Jumamosi."

"Leo Jumanne."

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia kwetu msafiri haambiwi, nikamwambia habari za baba na viatu mlangoni, nikamwambia shangazi naye kasema. Nikamwambia alikwishazikwa Alhamisi, hata ungeruka kama ndege usingemkuta. Nilisema mengi, mnanijua. Aliningoja mpaka nikamaliza.

"Hajazikwa," akasema. "Kwetu kijijini maiti anakaa siku saba. Anamngoja mwanawe."

Khalfan akasema la ilaha illallah, polepole.

Bwana Lin akahesabu kwa vidole, Alhamisi mpaka Jumatano. Kesho. Akasema Jumamosi angekwenda Maskati, Jumapili ndege, Jumanne yuko mlangoni kwake. Alisema bila kunitazama, kama anayepiga hesabu ya mabomba. Halafu akasema mtoto hali nyama siku hizo saba. Hali kitamu. Hacheki. Mama anaona.

Nilitaka anipige. Wallahi nilimwambia nipige. Alikunja miguu, akageukia ukuta wa mashariki, upande wa kwao, akakaa hivyo mpaka giza. Saa moja ya jioni ikapita, hakuna aliyegusa redio.

Nizwa, Jumatano

Asubuhi saa mbili Mzungu kafika. Nikamwambia Bwana Lin, mie nitakusemea, nipe ruhusa. Akasema hapana. "Mama ni wangu. Nitasema mimi."

Akaingia, nikabaki mlangoni. Kalala ukutani usiku mzima, lakini shati kaliingiza vizuri. Akasimama mbele ya meza, mikono ubavuni, na akasema kwa kile Kiingereza nilichompa, hana kingine. Kwa Kiswahili ni hivi:

"Habari zilizopokelewa kutoka China zinasema mama mmoja amefariki. Mazishi yamefanyika leo. Mwanawe hakuhudhuria."

Sauti imesimama. Vituo mahala pake.

Na yule Mzungu, masikini, akatabasamu. Akasema vizuri sana, vizuri mno, lakini mtihani ulikwisha jana, umeshafaulu. Akauliza umeisikia kwenye idhaa gani hiyo?

Bwana Lin akafungua mdomo. Nikamwona anatafuta. Nayajua maneno yote yaliyomo kichwani mwake, nimeyatia mie mwenyewe, moja moja, na hakukuwa na hata moja la kumwambia mtu ni mimi huyo, ni mama yangu. Akarudia tena, vilevile, tangu mwanzo. Mama mmoja amefariki. Mazishi yamefanyika leo.

Hapo niliingia. Mlinzi alinivuta mkono nikamsukuma, na hilo nimeshaomba radhi. Nikaiweka telegramu juu ya meza. Mzungu akaisoma, akasimama, na uso wake sitaki kuueleza. Akazunguka meza. Hakujua afanye nini na mikono yake. Akampa likizo ya miezi miwili, akaagiza tiketi, akamwambia Khalfan ampeleke uwanja wa ndege wa Maskati saa ile ile.

Kwao ilikuwa adhuhuri tayari. Walikuwa wameshamaliza.

Basi anayeuliza nimemwacha wapi, nimemwacha kwenye gari ya Khalfan, mbele ya ofisi, Nizwa. Sijui kama atarudi. Mkataba uko mezani, haujatiwa sahihi. Mie nilikaa siku mbili nikapata lori la kunirudisha. Nilipopita Ibra sikushuka. Shangazi bado hajui, na anayemtembelea asimwambie, nitakwenda mwenyewe.

Kabla hawajaondoka Bwana Lin aliteremsha kioo. Nilidhani ananipa mkono. Akanipa karatasi tupu aliyoichana kwenye daftari, na kalamu.

"Niandikie nilichokula," akasema. "Tangu Jumamosi. Kila kitu. Nitakwenda kaburini, sitaki kumdanganya."

Nikaweka karatasi juu ya boneti, nikaandika. Wadi: tende na kahawa. Ibra: pilau, nyama ya mbuzi, vipande sijui vingapi, kwa mkono wa shangazi yangu. Izki: mkate, maziwa, halwa, niliyokukatia mie. Nikamrudishia. Akasoma mpaka chini.

"Na kucheka?"

Nikaichukua tena. Nikaandika, alicheka. Akauliza mara ngapi. Nikamwambia sikuhesabu, Bwana Lin.

"Basi andika mara nyingi," akasema. "Na uandike nani alinichekesha."